Mikeri iwe ya ua, isile shamba la maharagi



Tangu musimu B uanze, karibu kila mkutano tunaoufanya kule juu milimani swali moja linarudi. Tunamaliza kusema juu ya mbegu na mbolea, tunauliza kama kuko neno lingine, na mtu mmoja nyuma ananyosha mkono: "Agronomi, ile miche ya nkeri za Wazungu mutatuletea lini?" Sababu yake tunaifahamu. Mtu ameshuka Goma ao Bukavu, ameingia katika duka kubwa, ameona kasanduku kadogo ka plastiki na matunda meusi ya kung'aa ndani yake, akasoma bei. Akarudi nyumbani akipiga hesabu njia nzima, kasanduku kamoja mara mia, mara mbili kwa juma, na wakati anafika kwenye kilima chake amekwisha kung'oa maharagi yote katika mawazo.

Sisi tuko na maoni yetu juu ya jambo hili, na hatutayazungusha. Mukeri ni mmea mzuri, na tunapenda mupande. Lakini upandwe kwenye ua wa nyumba, mstari mmoja ao miwili, si katika shamba la chakula. Na mbele ya kuchimba shimo la kwanza, nyumba ielewane: udongo ni wa nani, na matunda yatakuwa ya nani. Kati ya wenzetu kuko wanaosema hili la pili si kazi ya agronomi. Kwetu sisi ndiyo kazi yenyewe, na tutaeleza sababu.

Kwanza tusikilizane juu ya majina, maana watu wawili wanaweza kubishana nusu saa kumbe kila mmoja anasema mmea wake. Kwa Kifaransa neno mire linabeba matunda mawili. Kuko mire ya mti, ule wa majani mapana yanayolishwa viwavi vya hariri. Watu wa pwani wanauita mforosadi. Ule hauna miiba, unachomeka kijiti chake ardhini kinaota, na kivuli chake kinatosha kupumzika. Na kuko mire ya miiba, inayorusha fimbo ndefu na kushika nguo ya kila anayepita. Hiyo ndiyo tunayoisema leo. Wanaosema Kinyarwanda kule Rutshuru na Masisi wanaiita inkeri, ijapokuwa jina hilo wanalitumia hata kwa fraizi. Hapa tutasema nkeri kwa tunda na mukeri kwa mmea, basi.

Mukeri si mgeni kwetu. Aina za porini ziko mingi kando ya barabara, katika mashamba yaliyolala, kwenye kingo za misitu, hata juu kwenye volkano. Aina moja wataalamu waliipa jina la Kirunga, Rubus kirungensis. Ngagi wa Virunga wanakula majani na matunda yake. Watoto wanaochunga mbuzi wanajua kichaka kipi kina nkeri tamu na kipi kina chungu, kuliko sisi tuliotoka instituti na diploma. Kwa hiyo mtu asiwaambie kama mmea huu hautakubali hali ya hewa yetu. Unakubali. Unachotaka ni ubaridi wa milima, mvua, na udongo usiosimamisha maji.

Zile nkeri kubwa za dukani, hizo ni maneno ingine. Aina mingi zilizoboreshwa Ulaya na Marekani zimezoea majira ya baridi ya kule. Mmea unalala, na unahitaji saa mia kadhaa za baridi ya chini ya nyuzi 7 hivi, kusudi macho yake yafunguke na kutoa maua. Hapa karibu na ikweta saa hizo hazipatikani, hata Lubero kunapokuwa na ukungu asubuhi nzima. Ukipanda aina ya namna hiyo utapata majani mazuri na fimbo ndefu, na maua machache ao hakuna kabisa. Mmoja atasema udongo ni mbaya, mwingine atasema jirani ana jicho, kumbe mmea unangoja baridi ambayo haitafika.

Tuangalie walio katika hali kama yetu. Kolombia na Ekwado ziko kwenye ikweta vile vile, na wana milima. Wakulima wa kule walikamata nkeri ya milima yao wenyewe, wanayoita mora de Castilla, Rubus glaucus, na wanailima sana kati ya metre 1.800 na 2.800 hivi juu ya bahari. Inazaa karibu mwaka mzima, haina haja ya kulala. Brazili nayo, taasisi yake ya utafiti Embrapa ilitoa mwaka 1988 aina inayoitwa Tupy, isiyodai baridi mingi, na Meksiko, jimbo la Michoacán, wamejenga juu ya aina hiyo biashara kubwa ya kuuza nje. Lakini wale wa Michoacán wanailazimisha kuchanua: wanapukutisha majani kwa dawa, wanakata, wanalisha mbolea ya duka, na wako na magari ya baridi yanayongoja mlangoni. Mtu anayewaonyesha picha ya Michoacán awaonyeshe na gari pia.

Basi mfanyabiashara akifika na gunia la miche, mumuulize mambo mawili tu. Aina inaitwaje? Na imezaa wapi, kwenye urefu gani? Akijibu "ni ya Ulaya, ni nzuri sana", mumpe maji ya kunywa na mumsindikize.

Kuko na hatari ingine ambayo katika mikutano haisemwi sana. Mukeri wa kigeni ukipenda mahali unaweza kupapenda kupita kiasi. Kwenye visiwa vya Galápagos, Rubus niveus wa Asia uliletwa kusudi ulimwe. Ndege wakala matunda, wakaacha mbegu kila fasi, na leo wafanyakazi wa hifadhi wanapigana nao mwaka kwa mwaka kwa panga na dawa. Sisi tuko na Kahuzi-Biega na Virunga kando ya mashamba yetu, na ndege wetu nao wanakula. Ndiyo maana tunasema muanze na mukeri wa hapa. Wakati wa matunda, tembeeni kando ya barabara na kwenye mashamba yaliyolala, si ndani ya parke, na mukiona mmoja unaozaa nkeri kubwa kuliko wenzake, tamu, mingi kwenye kishada, mufunge kitambaa kwenye fimbo yake. Mwaka ujao muangalie tena kama haujabadilika. Ndivyo mama zetu walivyochagua mbegu za maharagi, na hakuna mradi uliowafundisha.

(Wanamemba wa tambarare ya Ruzizi, chini ya metre elfu moja, ninyi musisumbuke na haya. Muko na maembe, na sisi wa milimani tunawaonea wivu.)

Sasa, kwa nini ua na si shamba? Mukeri unataka nafasi: karibu metre moja kati ya mche na mche, na kati ya mstari na mstari metre mbili na nusu hadi tatu, la sivyo hutapita bila kuchanika. Unazaa vizuri kuanzia mwaka wa pili, si kwa miezi mitatu kama maharagi. Nyumba mingi za Walungu na Kabare hazina hata hekta moja, na katika kipande hicho ndimo mnatoka maharagi, mihogo, viazi vitamu na ndizi. Nkeri haijazi chungu. Na tuseme wazi hata juu ya vitamini, maana habari hiyo inapitishwa kama dawa: gramu mia za nkeri zina kama miligramu 21 za vitamini C, ni vizuri, gramu mia za pera zina karibu mara kumi ya hiyo, na mapera yanaoza chini ya mti nyuma ya choo bila mtu kuyaokota. Kama shida ni afya ya mtoto, anza na pera, lengalenga na maharagi. Nkeri ije juu yake, kama nyongeza na kama franga za mkononi.

Kwenye ua hali ni ingine. Fasi ya ua imekwisha kukamatwa na miyenzi ao majani yasiyolipa kitu. Maji ya kuoshea mboga yako karibu, majivu yako karibu, na mwenye nyumba anaona mwizi. Lakini jambo moja: musitegemee miiba ifukuze mbuzi. Mbuzi anakula mukeri na miiba yake yote, na anaupenda. Kuko nchi ambazo watu wanaleta mbuzi kusudi wasafishe vichaka vya mikeri. Kijiji kinachoachilia mbuzi baada ya mavuno kitaikuta mikeri michanga imebaki vijiti. Hilo likatwe katika mkutano wa kijiji mbele ya kupanda, ao mwaka wa kwanza kila mche ujengewe kaboma kake.

Kupanda kwenyewe si kugumu, na tutapita haraka. Shimo la sentimetre 40 kila upande, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza kabisa, mche ushuke mwanzoni mwa mvua za Septemba. Mukeri unapenda udongo wenye asidi kidogo, pH 5,5 hadi 6,5. Udongo mwekundu wa Bushi mara mingi una asidi kupita hapo, kwa hiyo kompositi nyingi na majivu kiasi, kofi mbili kwa shimo, si karai. Usipande pale palipotoka nyanya, viazi ao biringanya juzi juzi, sababu kuko kuvu la kunyausha linalobaki ardhini na kungoja. Usipande ukigusa kichaka cha mikeri ya porini ambacho majani yake yana unga wa rangi ya machungwa. Ni kutu, na haina dawa zaidi ya kung'oa na kuchoma. Funika mguu wa mmea na majani ya ndizi ao maganda ya maharagi, unene wa sentimetre 10, lakini yasigusane na shina.

Kazi ambayo inatenganisha bustani na kichaka ni kukata. Hapa tunaomba mutusikilize vizuri, maana ni hapa watu mingi wanaachia. Mizizi ya mukeri inaishi miaka mingi, kumi na zaidi. Fimbo haziishi hivyo. Kila fimbo ina maisha mawili: kwanza inaota na kurefuka, yenye majani tu, kisha inatoa matawi madogo pembeni, inachanua, inazaa, na inakufa. Fimbo iliyokwisha kuzaa haizai tena. Inasimama tu, kavu, inashika nafasi, inaficha kuvu, na inakuchoma mikono unapotafuta matunda ya fimbo ingine. Kule kwenye majira ya baridi kila kitu kinafuata kalenda. Kwetu utakuta fimbo changa, fimbo yenye maua na fimbo iliyokufa kwenye mguu mmoja, mwezi mmoja. Kwa hiyo usingoje mwezi fulani. Kila mara ukimaliza kuvuna fimbo moja, ikate hadi chini kwenye udongo, usiache kisiki, itoe nje ya bustani na uichome. Majivu yarudi kwenye shimo la kompositi.

Katika fimbo changa, chagua nne ao tano zenye nguvu kwa kila mguu, zingine ondoa. Tunajua kukata fimbo ya kijani iliyo hai kunauma. Wamama wametuambia kama ni kumnyima mtoto. Lakini fimbo kumi na tano zitagawana chakula kile kile, na utapata nkeri ndogo kama punje za mtama. Aina inayosimama ikifika urefu wa kifua, karibu metre moja na sentimetre 20, ikate ncha, vidole viwili tu. Itakasirika na kutoa matawi pembeni, na ni kwenye matawi hayo matunda yatakaa. Aina inayotambaa usiikate ncha mapema. Ilaze juu ya kamba.

Kamba hiyo inahitaji nguzo. Vitabu vinasema waya mbili, moja kwenye sentimetre 90, ingine kwenye metre moja na nusu. Waya ni ghali. Mianzi iliyopasuliwa inafanya kazi hiyo hiyo kwa miaka miwili mitatu, na nguzo za eukaliptusi zikichomwa kidogo mguuni hazitaoza haraka. Vaa shati la mikono mirefu, lile la zamani.

Na miche? Hapa tunasema kwa nguvu: miche ya mukeri hainunuliwi. Mmea huu unajizalisha wenyewe. Kamata fimbo ndefu iliyo hai, ikunje hadi ncha yake iguse ardhi, chimba kashimo ka sentimetre 10, zika ncha kichwa chini, weka jiwe juu yake kusudi isirushwe na upepo. Kama udongo una maji, kisha ya miezi miwili hivi ncha imetoa mizizi na chipukizi jipya. Kata fimbo ya mama, uko na mche. Mguu mmoja wenye fimbo nne unakupa miche minne, na koperative ikianza na miguu kumi iliyochaguliwa vizuri itakuwa na ya kugawia kila memba kabla ya misimu mitatu kuisha. Miradi mingi inapenda kuhesabu miche iliyogawanywa, maana inahesabika siku ile ile na inapigwa picha. Kilo za nkeri zilizouzwa mwaka wa tatu haziingii katika raporti ya mtu yeyote. Ninyi muhesabu hizo.

Tufike kwenye soko, ambamo ndoto ya kasanduku ka plastiki inakutana na barabara yetu. Mukeri uliotunzwa vizuri unaweza kutoa kilo mbili, hata zaidi, kwa mwaka. Tuchukue mbili. Ua wa miguu ishirini unatoa kilo arobaini, lakini hazitoki siku moja: leo bakuli, kesho kutwa bakuli. Nkeri haiivi tena ikishachumwa. Ukiichuma nyekundu itabaki chungu hadi ioze. Nyeusi inayong'aa sana nayo bado. Ngoja ing'ae kidogo kidogo, nyeusi ya kufifia, na ikivutwa iachie yenyewe na moyo wake mweupe ndani. Tangu dakika hiyo uko na siku mbili, tatu ukibahatika, kama hakuna frigo. Chuma asubuhi umande ukikauka, katika chombo kipana kisicho na kina, safu tatu ao nne tu, maana za juu zinasaga za chini. Usizioshe, atakayekula ataosha. Weka kivulini mara moja.

Sasa weka chombo hicho juu ya pikipiki, kwenye barabara munayoijua, na barieri munazozijua, hadi mjini. Kitakachofika ni juisi. Tunaandika hivi bila mchezo: mwenye kuishi mbali na mji zaidi ya saa mbili asipande nkeri kwa ajili ya duka la mji. Apande kwa ajili ya watoto, kwa soko la karibu, na kwa sufuria ya konfitire. Anayeishi karibu na mji anaweza kujaribu tunda bichi, lakini akaongee kwanza na mnunuzi, mwenye hoteli ao mwenye restora, amuulize anataka kilo ngapi kwa juma na atalipa lini. Neno "lini" ni la kuulizwa mara mbili.

Konfitire ni njia nzuri kwa koperative, na hesabu yake muifanye kwa mkono wenu, kwa bei za soko lenu. Kilo moja ya matunda, gramu 800 za sukari, maji ya limau moja kusudi ishike, kuni za saa moja, bokali tatu ao nne. Sukari ndiyo inayokula faida. Mama mmoja anayenunua sukari kwa vikombe dukani atauza konfitire yake kwa hasara bila kujua, akifurahi kuona franga zinaingia. Wamama ishirini wanaonunua mfuko mzima pamoja, wanaokusanya bokali tupu za mjini na kuzichemsha, wanaopika fasi moja safi, hao wanaweza kubaki na kitu. Koperative ifanye hiyo. Kupanda, kila mmoja atapanda kwake.

Tumefika kwenye neno la udongo. Katika Bushi mnajua tofauti ya kalinzi na bwasa. Mwenye kalinzi ametoa zawadi kwa mwenye udongo, na haki yake inakaa, inapita hata kwa watoto. Mwenye bwasa amekodi kwa muda mfupi. Analima maharagi ao viazi vitamu, anavuna, analipa, anatoka. Na sheria ya bwasa wote wanaijua: usipande kitu cha kudumu. Ndizi hapana, kahawa hapana, mti hapana. Sababu mmea wa kudumu ni kama sahihi; anayeupanda anasema udongo ni wake. Nchi yetu ina sheria ya tarehe 20 Julai 1973, inayosema udongo ni mali ya Serikali, na kifungu chake cha 389 kiliahidi kama haki za watu wanaoishi kwa desturi zitapangwa na amri ya Raisi. Amri hiyo haikutoka. Watu wamebaki na desturi na maneno ya mdomo.

Mukeri unaishi miaka kumi. Kwa hiyo ni mmea wa kudumu, hata kama unaonekana kama majani ya porini. Mama aliyekodi kipande kwa bwasa akipanda mstari wa mikeri pembeni, mwenye shamba anaweza kumfukuza kabla nkeri ya kwanza haijaiva, na desturi itampa haki. Wakodishaji wengi ni wamama, wajane, na watu waliokimbia vita. Hao ndio wenye haja ya franga za nkeri kuliko wote, na hao ndio mradi wa miche unaweza kuwaumiza kwanza. Hapo ndipo agronomi anayepita na kugawa miche bila kuuliza kitu anaacha mwiba nyuma yake. Mkodishaji akitaka kupanda, aende kwa mwenye udongo na mashahidi wawili, waandike: mikeri ni ya nani, miaka mingapi, na siku ya kuondoka ataruhusiwa kukata ncha na kubeba miche yake. Mwenye shamba akikataa, angalau amekataa mbele ya jasho.

Hata ndani ya nyumba yenye udongo wake, neno lipo. Wakati nkeri ni ya watoto kupaka midomo, ni ya mama. Siku inapopata bei, baba anakumbuka kama ua ni wake. Hatusemi wababa wote ni hivyo, ila tumeona njia hiyo katika mazao mengine, na ninyi pia. Tangu Sheria ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mwanamke aliyeolewa hahitaji tena ruhusa ya mume kusudi afanye mapatano yake. Hiyo ni karatasi ya Kinshasa. Kwenye kilima inataka karatasi yake ndogo. Tunashauri koperative ziandike jina la yule anayekata, anayechuma na kubeba, kwenye daftari, awe memba yeye mwenyewe, na franga zipite mkononi mwake ao katika kisanduku chake cha AVEC. Baba akiona daftari limeandikwa tangu mwaka wa kwanza, wakati hakuna cha kugombania, hatakuwa na neno. Kuandika mwaka wa tatu ni kuchelewa.

Mvua za musimu B bado ziko. Walio na mukeri mzuri waliokwisha kuuwekea kitambaa, wazike ncha sasa hivi, Machi na Aprili, kusudi mizizi iwe imeshika mbele ya kiangazi. Kuanzia Juni miche michanga inataka kivuli na bakuli la maji kila jioni ya pili. Koperative inayotaka tuje kuonyesha kukata fimbo, itutumie ujumbe na kupanga siku. Tutakuja na panga na sekateri moja. Ninyi muwe na ile karatasi, imeandikwa na imesomwa kwa sauti mbele ya wote, na fimbo za kukunja tutazitafuta pamoja kando ya barabara.